Sabuni, Mafuta na Mshahara
(Maneno tuliyowaambia waosha vyombo wa Kamakis)



Tumekutana asubuhi hii, kabla ya majiko kuwashwa, kwa sababu ya shauri mlilotuletea. Mwosha vyombo wa hoteli moja hapa, ambayo hatuitaji, amekatwa mshahara. Shimo la kunasa mafuta liliziba, na ule unga wa kula mafuta ulionunuliwa kwa bei kubwa haukufanya kazi. Akaambiwa yeye ndiye aliyeuharibu. Twataka mjue kilichouharibu.

Ndani ya unga ule mna kimeng'enya kiitwacho lipesi. Hata matumboni mwetu imo. Hutoka katika kongosho, na kazi yake ni kukatakata mafuta tuliyokula. Lakini lipesi haipenyi katikati ya donge la mafuta. Hufanya kazi juu juu tu, pale mafuta yanapokutana na maji, na sabuni nayo hukimbilia mahali pale pale. Ikiwa kidogo, sabuni hulivunja donge likawa matone madogo, na lipesi hupata nafasi zaidi. Ikizidi, huyafunika matone yote na kuifukuza lipesi. Tena sabuni kali ya maji huweza kuikunjua lipesi yenyewe isifae kitu. Nyongo yetu pia hufanya kama sabuni, ila kongosho hutoa msaidizi mdogo wa kuishikiza lipesi kwenye mafuta. Shimoni hakuna msaidizi huyo.

Mwenzetu mmoja ameuliza: mbona sabuni nyingine za kufulia zina lipesi? Ameuliza vema. Kampuni ya Novo ya Denmark ilitoa ya namna hiyo mwaka 1988, jina lake Lipolase, nayo ilichaguliwa kwa kuwa huvumilia sabuni. Si kila lipesi huvumilia. Na vumbi la vimeng'enya si la kuchezea: mwaka 1969 madaktari wa Uingereza walieleza jinsi lilivyowatia pumu wafanya kazi wa viwanda vya sabuni. Basi msiumwage unga huo pua wazi. Kitambaa cha pua na glavu ni juu ya mwajiri.

Turudi kwa ndugu yetu. Amri aliyopewa ilikuwa kumwaga unga saa nne za usiku, kisha kuosha sinia za mwisho za mbuzi choma kwa sabuni. Maji yale yote ya sabuni yaliufuata unga shimoni. Aliyepanga saa hizo si yeye. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa hasara aliyoileta mfanya kazi kwa kukusudia. Huyu alikusudia nini, ila kutii?

Kwa hivyo tutamwambia mwajiri mambo mawili: fedha zirudishwe, na unga umwagwe baada ya chombo cha mwisho, mifereji ikiisha kufungwa hadi asubuhi. Nanyi, futeni shahamu kwa karatasi kabla ya kuosha, maana ya mbuzi huganda upesi bombani. Walioshuhudia amri ile waje mezani sasa waandikishe majina.