Gharama za Harusi Mbele ya Sheria ya Kodi

Utangulizi

Kamati ya harusi ikishavunjwa, mhasibu hubaki na daftari la michango na rundo la risiti: ukumbi, chakula, mapambo, MC, mpiga picha, gari la maharusi. Hapo ndipo swali huibuka: katika mamilioni haya yote, hakuna hata shilingi inayoweza kuwapunguzia maharusi kodi? Mada hii inalijibu kwa sheria za Tanzania Bara.

Sheria inavyosema

Jibu limo katika Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Sura ya 332. Kifungu cha 11 kinaruhusu kuondoa kwenye mapato gharama zilizotumika kuzalisha mapato hayo tu. Matumizi binafsi hayamo, na harusi ni matumizi binafsi hata ikijaa wateja wa bwana harusi.

Mwajiriwa ndiye mwenye nafasi finyu zaidi. PAYE hukatwa kabla mshahara haujamfikia, na kiwango kisichotozwa kodi, shilingi 270,000 kwa mwezi, ni kilekile kwa kapera na kwa aliyeoa.

Mtego wa mfanyabiashara

Tuchukue bwana harusi mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Amelipia ukumbi shilingi 3,540,000, na ndani yake 540,000 ni VAT ya asilimia 18. Risiti ya EFD imeandikwa jina la duka na TIN yake, naye anaiingiza vitabuni kama gharama ya matangazo. Mkaguzi akiikuta ataiondoa. Faida itapanda, na kodi itakokotolewa upya pamoja na riba na adhabu. Ile VAT nayo hawezi kuirejesha, kwani ukumbi haukukodiwa kwa ajili ya biashara. Hata hivyo risiti lazima aidai: ni wajibu wa kila mnunuzi, na ndiyo kumbukumbu kwamba hizo 540,000 alizotoa mfukoni ni kodi.

Michango na hisani

Sheria hutoza mapato ya ajira, biashara na uwekezaji. Bahasha ya shangazi haimo humo. Lakini mwajiri akimlipia mfanyakazi wake ukumbi kwa sababu ya ajira, hiyo ni faida ya ajira na inaingia kwenye hesabu ya kodi.

Mlango mdogo uliopo ni kifungu cha 16. Mwenye biashara akiichangia taasisi ya hisani inayotambuliwa kisheria, mchango huo unaweza kuondolewa kwenye mapato yake, mradi usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Anayeneemeka ni mtoaji mwenye biashara, awe ameoa jana au hajaoa.

Marekani nako hali inakaribiana. Kifungu cha 262 cha sheria yao kinakataa gharama binafsi na za familia. Gauni likitolewa kwa taasisi ya hisani, thamani yake ya mtumba inaweza kuhesabiwa, ila kwa wanaoorodhesha makato yao moja moja. Kwa mwaka 2024, wanandoa waliowasilisha ritani ya pamoja walipewa makato ya jumla ya dola 29,200 bila kuorodhesha chochote. Gauni moja haliwezi kushindana na kiasi hicho.

Mapendekezo

Fedha za harusi zitunzwe kwenye akaunti isiyo ya biashara. Anayechota dukani kwake aandike siku hiyohiyo kuwa ni matumizi ya mmiliki. Kamati nayo imuulize kila mtoa huduma, tangu kikao cha kwanza, kama bei yake ina VAT ndani, ili maharusi wasianze maisha wakilipa deni la ukumbi.