Mafuta na Mzee Asiyechoka

Sisi tununuapo mafuta ya kukaangia chapati huuliza bei tu. Yaliyomo twamwachia mwenye kiwanda, nasi twamwamini.

Katika Chuo Kikuu cha Illinois, kule Marekani, mtaalamu Fred Kummerow alichunguza mafuta ya mimea yatiwayo haidrojeni viwandani ili yagande. Mwaka 1957 yeye na wenzake walitangaza kwamba mafuta ya namna hiyo yameonekana ndani ya miili ya watu. Kummerow akaonya kuwa yanadhuru moyo. Wachache walimsikia, maana siku zile lawama ilikuwa juu ya siagi na mayai. (Yeye mayai hakuyaacha, wala maziwa.)

Mwaka 2009, akiwa mzee wa miaka 94, aliiomba idara ya serikali isimamiayo vyakula iyakataze. Kimya. Mwaka 2013 akaishtaki mahakamani. Je, hatumkumbuki yule mjane na kadhi dhalimu? Mwaka 2015 idara ilikubali, ikawapa wenye viwanda miaka mitatu wayaondoe. Kummerow alifariki mwaka 2017, mwenye umri wa miaka 102. Muda ule ulikuwa haujaisha.