Kudumu katika Mazoezi: Dawa ya Mgongo Isiyokunywewa Mara Moja

*Maelezo ya mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya mbele ya mkutano wa wananchi kuhusu huduma za afya*



Nimeombwa nizungumzie maumivu ya mgongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya mgongo wa chini, ambayo ndiyo sababu kuu ya ulemavu duniani. Takriban tisa katika kila wagonjwa kumi hawana mfupa uliovunjika wala ugonjwa mwingine unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Kwa maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi mitatu, mwongozo wa Shirika hilo wa Desemba 2023 unahimiza elimu na mazoezi, na haushauri mikanda ya kiunoni iwe tiba ya kawaida.

Wagonjwa wetu wengi wanalijua hilo, na kuanza hawashindwi. Kazi ipo katika kuendelea. Wapo wanaoacha kwa sababu maumivu yamekwisha, na wapo wanaoacha kwa sababu hayajaisha. Makundi haya mawili hukutana tena mlangoni petu baada ya miezi michache.

Kwa wale waliokwisha kupata nafuu, nina jambo la kuwaeleza. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 701 waliokuwa wametoka tu kupona maumivu ya mgongo. Baadhi yao walipangiwa kutembea kwa miguu, wakizidisha kidogo kidogo hadi kukaribia dakika 30 kwa siku, mara tano kwa wiki. Nusu ya waliotembea walikaa siku 208 au zaidi kabla ya maumivu kurejea. Kwa wale wasiopewa mpango wowote, muda huo ulikuwa siku 112. Kutembea hakuhitaji kifaa wala ada. Basi nafuu isiwe ruhusa ya kuacha. Huo ndio wakati wa kujenga akiba.

Kwa wale ambao maumivu hayajaisha, nawasihi mbadilishe kipimo. Anayeuliza kila asubuhi, "Je, bado panauma?" atakata tamaa mapema, kwa kuwa maumivu hupanda na kushuka bila kufuata kalenda. Jipimeni kwa kazi. Wiki hii umepalilia matuta mangapi kabla ya kupumzika? Umebeba ndoo ya maji hadi wapi? Umeweza kurukuu, au kukaa ibada nzima, bila kuhangaika? Uwezo hurudi kabla maumivu hayajaondoka, na mwenye kuuona uwezo wake ukirudi hupata sababu ya kuendelea.

Jambo jingine linalowavunja moyo watu ni hofu. Mgongo ukiuma kidogo wakati wa zoezi, haimaanishi kwamba umejeruhiwa. Maumivu yakiongezeka kiasi kisha yakatulia kufikia kesho yake, endelea. Yakizidi hadi kesho, punguza zoezi kwa nusu, wala usiliache. Siku mbaya nayo iwe na sehemu yake: dakika tano za kutembea uani, au kulala chali na kuinua nyonga mara chache. Ukifanya kidogo siku hiyo, njia haikatiki.

Msitegemee hamu, maana hamu huja na kuondoka. Lifungeni zoezi kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya kila siku: maji ya chai yanapochemka, baada ya sala ya alfajiri, kabla ya kufungulia kuku. Wekeni alama kwenye kalenda kwa kila siku mliyofanya. Tafuteni mwenzi, kwa kuwa ni vigumu kubaki kitandani ilhali jirani anakungoja njiani. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa hukutana kila wiki. Robo saa ya mazoezi kabla ya kuhesabu hisa haitapunguza faida ya mtu.

Nasikia mara nyingi, "Mimi ni mkulima, mazoezi ya nini tena?" Swali hilo ni la haki. Jembe hutumikisha mwili, ila huuinamisha upande mmoja kwa saa nyingi, na kiasi cha kazi huamuliwa na mvua. Zoezi huongezwa kwa kipimo, nalo huimarisha misuli ya tumbo, makalio na mgongo ili jembe lisiuelemee mgongo peke yake. Wakati wa kulima, punguzeni mazoezi msiyaache, na kazini simameni mjinyooshe mara kwa mara.

Hata hivyo, zipo dalili zisizongoja mazoezi: kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi sehemu za siri, mguu kuishiwa nguvu, homa, kukonda bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali. Kifua kikuu nacho huweza kuingia katika uti wa mgongo. Mwenye dalili hizi afike kituo cha afya bila kuchelewa.

Waheshimiwa Madiwani, ombi langu kwenu ni dogo. Viwanja vya shule na vya ofisi za kata viruhusiwe kutumiwa na vikundi vya mazoezi asubuhi na jioni. Sisi wataalamu tutakuja kuwafundisha viongozi wa vikundi hivyo, nao watafundisha wenzao.

Wahenga walinena, bandu bandu huisha gogo. Hawakusema kwamba gogo huisha siku ileile.