Philly Lutaaya: Sauti Iliyojitaja

Philly Bongoley Lutaaya alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1951 na kufariki dunia tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38. Nje ya Uganda jina lake linakumbukwa kwa sababu ya ugonjwa: alikuwa Mganda mashuhuri wa kwanza kutangaza hadharani kwamba ana Ukimwi. Mjini Kampala, na hasa katika mitaa ya mafundi kama Katwe, anajulikana kwanza kwa nyimbo. Habari hizi mbili zimezoeleka kusimuliwa kila moja kivyake, na hilo ni kosa, kwa kuwa tangazo lile lisingesikika bila nyimbo.

Aliacha shule mwaka 1968 akaingia kwenye muziki. Wakati huo Kongo ndiyo iliyokuwa shule ya bendi za Afrika Mashariki, naye alikwenda kupiga huko akiwa bado kijana. Wakongo nao walikuwa wamejifunza kutoka kwenye santuri za muziki wa Amerika ya Kilatini zilizoingia bandarini mwao tangu miaka ya 1930. Pamoja na rumba ilikuja bolero, wimbo wa mapenzi wa mwendo wa taratibu uliozaliwa Kuba na kukuzwa Meksiko. Kampuni za Kongo zilichapa neno hilo kwenye lebo ya santuri, chini ya jina la wimbo, ili anayecheza ajue mapema kwamba hapa hapana haraka. Haingekuwa sawa kumwita Lutaaya mwimbaji wa bolero. Lakini alichokiimba maisha yake yote ni cha ukoo huo: sauti iko mbele, vyombo viko nyuma yake, na neno halimezwi na ngoma.

Aliporudi Kampala aliimba na Cranes Band, kundi ambalo baadhi ya wanamuziki wake waliunda Afrigo Band mwaka 1975. Hiyo ilikuwa miaka ya utawala wa Idi Amin, na aliyetaka kurekodi kwa uhakika aliangalia Nairobi, kwenye studio na viwanda vya santuri. Lutaaya naye alikwenda. Huko ndiko ulikotoka “Empisazo”, yaani “tabia zako”, wimbo wa mapenzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 uliomtangaza Uganda na Kenya.

Mwaka 1984 alihamia Sweden, akaishi Stockholm pamoja na Waganda wengine waliokuwa wakitafuta riziki kwa gitaa na kinanda, miongoni mwao Sammy Kasule, Frank Mbalire na Hope Mukasa. Kazi kubwa ya kipindi hicho ni albamu ya “Born in Africa”. Wimbo uliobeba jina la albamu una kiitikio cha Kiingereza, lakini moyo wake ni wa mtu aliye ugenini anayetaja kwao. Kwenye albamu hiyohiyo umo “Tulo Tulo”, ambao jina lake tu linamrudisha Mganda kwenye bembelezo la mama yake. Wasikilizaji wa nyumbani walikuwa wametoka vitani. Jeshi la waasi la Yoweri Museveni lilikuwa limeiteka Kampala mwezi Januari 1986. Nyimbo hizo zilifika kwa kanda za kaseti, na kanda zikakopiwa mara nyingi kuliko zilivyouzwa. Utepe ulipojisokota, mtu alichukua kalamu ya Bic, akaichomeka kwenye tundu la kaseti na kuurudisha polepole.

Mwaka 1989 Lutaaya alirudi Uganda na kusema kwamba anaumwa siriimu, kama Ukimwi unavyoitwa Kampala. Wengi hawakumwamini. Ilidaiwa kwamba ni ujanja wa kuuza kanda, maana alikuwa bado anasimama mwenyewe na kuimba. Shaka hiyo ilikuwa na mantiki yake mbaya: mgonjwa wa siriimu alijulikana kwa kukonda na kufichwa chumba cha nyuma, na huyu alikuwa jukwaani. Halafu alikuwa mtu wa furaha za watu, wa arusi na dansi, na ilikuwa vigumu sauti ileile kuleta habari ya kifo. Lakini ni sauti hiyo iliyowakusanya. Alizunguka shuleni, makanisani na kwenye mikutano ya hadhara, akiongea kisha akiimba, huku mwili ukipungua mbele ya macho ya waliomdhania mwongo. Wimbo wa safari hiyo ulikuwa “Alone”, ambao unaeleza upweke wa mgonjwa bila kumlaumu mtu, na kwa utulivu huo unapita hotuba nyingi za wakati wake. Mwongoza filamu John Zaritsky alirekodi ziara hiyo katika filamu iliyoitwa “Born in Africa” kama albamu yake, ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1990.

Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia Waganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika baadhi ya kliniki za Kampala, karibu wajawazito 3 kati ya 10 waliopimwa walikutwa na virusi. Wenye virusi waliofuata nyayo zake walijiunga katika Philly Lutaaya Initiative, wakaenda kujieleza mbele ya wanafunzi na wanakijiji, na tarehe 17 Oktoba ikawa siku ya kumkumbuka kila mwaka.

Alifariki siku 10 kabla ya Krismasi. Kabla ya hapo alikuwa amerekodi albamu nzima ya nyimbo za sikukuu kwa Kiganda, ukiwemo “Zuukuka”, yaani “amka”, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi yake inayosikika zaidi leo. Desemba ikikaribia, huko Katwe inapigwa kwenye spika za vibanda, kati ya nyundo zinazokunja mabati ya sigiri na cheche za wachomea mageti. Vijana wanaoiitikia wengi wao walizaliwa baada ya yeye kuzikwa.