Simu ya Nyumbani Isiyo na Waya, Yenye Laini Mbili: Kuichagua, Kuifunga na Kuitumia kwa Usalama

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za mawasiliano, Bagamoyo

Nimetumwa na Mamlaka nizungumze nanyi juu ya chombo ambacho wengi hukiona ni cha kawaida mno hata hakistahili mkutano: simu ya nyumbani, ile yenye mkono unaobebwa chumba hadi chumba, na ambayo siku hizi huuzwa kwa sifa ya kuwa na laini mbili. Katika mji huu wa nyumba za wageni, maduka ya dawa, madrasa, shule za bweni na ofisi za mizigo karibu na forodha, chombo hiki kina kazi kubwa. Kina pia hila zake, na baadhi ya hila hizo zinagusa fedha na usalama wa watu.

Nianze na neno lenyewe. Tunaposema "laini" tunasema mambo mawili tofauti. Kwa mzee aliyewahi kuvutiwa waya na shirika la simu, laini ni waya wa shaba uliotoka nguzoni ukaingia ukutani, wenye namba inayoanza na 023. Kwa kijana, laini ni kadi ndogo anayoitia ndani ya simu. Wauzaji hutumia neno hilo hilo kwa vyote viwili, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Simu ya kweli ya waya mbili hukuwezesha kuzungumza katika laini ya kwanza huku ya pili ikiita na kupokelewa na mtu mwingine. Simu ya mezani inayotumia kadi mbili, ambayo ndiyo imejaa madukani Kariakoo na huku kwetu, kwa kawaida haina uwezo huo. Ndani yake mna redio moja tu. Kadi zote mbili husubiri pamoja, lakini ukishaanza kuzungumza kwa moja, ya pili hutoweka hewani, na mwenye kuipigia huambiwa kuwa haipatikani.

Fikirieni mwenye nyumba ya wageni pale Magomeni aliyenunua simu ya namna hiyo, akaandika namba zote mbili kwenye ubao wake ili wageni wasimkose. Mgeni mmoja akizungumza naye robo saa kuhusu bei ya vyumba, mgeni wa pili anaambiwa simu haipatikani, naye anahamia nyumba ya jirani. Mwenye nyumba hatajua kamwe. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwambieni muuzaji aweke kadi mbili palepale dukani, mpige namba ya kwanza, mpokee, kisha mpige ya pili wakati mazungumzo yanaendelea. Jaribio hilo halichukui dakika tatu. Muuzaji anayelikataa amekwisha kukujibu.

Aliyekwisha kununua asikate tamaa. Mitandao inaruhusu kuhamisha simu zinazoingia. Kwenye kadi ya pili, piga *62* ikifuatiwa na namba ya simu nyingine uliyo nayo, kisha #, halafu bonyeza kitufe cha kupiga. Tangu hapo, namba hiyo isipopatikana, simu itaelekezwa kwenye hiyo nyingine. Kumbukeni tu kwamba sehemu ya simu iliyohamishwa hutozwa gharama kwa mwenye laini. Ukitaka kufuta uhamishaji wote, piga ##002#.

Nisipite hapa bila onyo. Tarakimu hizi za nyota na reli ni ufunguo, na matapeli wanazijua kuliko sisi. Mtu akikupigia akajitambulisha kuwa fundi wa mtandao, akakuomba ubonyeze *21* na namba atakayokutajia, anakuomba umkabidhi simu zako zote zinazoingia, pamoja na zile za kuthibitisha akaunti zako. Usibonyeze tarakimu zozote kwa kuamriwa na mtu asiyeonekana. Ukiwa na shaka kwamba umekwisha kufanyiwa hivyo, *#21# itakuonyesha kama simu zako zinahamishwa na zinakwenda wapi.

Sasa nije kwenye vyombo vinavyoletwa kutoka ng'ambo. Pwani hii ina ndugu wengi Muscat, London na Marekani, na ndugu akirudi harudi mikono mitupu. Katika masanduku yale hutoka simu za waya mbili zisizo na waya wa mkononi, nzuri kwa macho, zenye kitako kimoja na mikono miwili au mitatu. Kitako ndicho kile kisanduku kinachofungwa kwenye waya wa ukutani na umeme. Mkono huongea nacho kwa redio. Redio hiyo hutumia masafa, na masafa hayagawiwi kwa namna moja duniani kote.

Simu hizo zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa DECT 6.0, na hutumia masafa ya kati ya megahezi 1920 na 1930. Hapa Tanzania, masafa kuanzia 1920 hadi 1980 yamepewa simu za mkononi za kizazi cha tatu, nayo ni njia ambayo simu yako hupeleka sauti kwenye mnara. Mnara unasikiliza hapo. Kitako cha jirani kikianza kuvuma katika masafa hayo hayo, mnara husikia mvumo badala ya sauti zenu, na mtaa mzima hulalamika kuwa mtandao ni mbovu bila kujua kwamba chanzo ni zawadi iliyowekwa juu ya kabati la sebuleni. Zile za zamani zaidi kutoka huko, zinazoandikwa 900 MHz, huingilia vivyo hivyo njia ya simu za kizazi cha pili. Simu za Ulaya zenye alama ya DECT bila hiyo 6.0 hutumia megahezi 1880 hadi 1900, na hazina kero hiyo. Juu ya yote, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka chombo cha mawasiliano kiwe kimeidhinishwa kabla ya kuuzwa au kuunganishwa nchini. Mwandikieni ndugu kabla hajanunua. Baada ya kusafirisha, maneno huwa ya kuchelewa.

Kuna na suala la umeme. Umeme wetu ni volti 230. Adapta iliyoandikwa 120V pekee, ikichomekwa kwenye soketi ya hapa, huungua, na mara nyingine huunguza na kilicho karibu nayo. Tazameni maandishi madogo kwenye adapta: ikisema 100–240V, ni salama, isiposema hivyo, isichomekwe hata kwa majaribio.

Kuifunga simu si kazi ngumu. Nyumba za zamani za mji huu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo humeza mawimbi ya redio. Ukiweka kitako chumba cha mwisho nyuma ya kuta tatu, usishangae mkono ukikwaruza ukiwa barazani. Kiwekeni katikati ya nyumba, mahali pa juu kiasi, mbali na ruta ya intaneti, televisheni na maikrowevu, wala kisikae juu ya friji. Waya wa laini ya kwanza uingie penye alama ya L1 na wa pili penye L2. Kisha pigeni kila namba kutoka simu nyingine mwone taa ipi inawaka. Wengi huchanganya hapo, wakaishi miezi wakilipia simu za laini wasiyoikusudia.

Betri za mkono ni za kuchajiwa. Siku ya kwanza ziacheni kwenye chaja muda uliotajwa katika kijitabu cha simu, ambao kwa simu nyingi hukaribia saa kumi na sita. Zikichoka baada ya miaka, mbadala wake ni betri za kuchajiwa za aina ileile. Betri za kawaida za redio na tochi, hata zikienea vizuri mahali pake, zikiwekwa kwenye chaja huweza kuvuja au kupasuka. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu dukani zote hupangwa rafu moja, na bei ya zile za kawaida ndiyo inayovutia mkono.

Upepo wa bahari nao una sehemu yake. Aliyeishi Mlingotini au Kaole anajua chumvi inavyokula bati na misumari. Hula pia vile vibati vidogo ambamo mkono hupokea umeme wa chaja. Simu isiyojaa chaji mara nyingi haina ugonjwa zaidi ya huo. Chomoa umeme, futa vibati kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, urudishe. Msitumie mafuta ya taa wala sabuni.

Wakati wa masika, radi huingia kwa njia mbili: waya wa umeme na waya wa simu. Watu huchomoa umeme wakausahau wa simu. Chomoeni vyote kabla mvua haijafika, wala msiguse nyaya radi ikiwa imekwisha kuanza kupiga.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote haya ni kukatika kwa umeme. Kitako kisipopata umeme, simu isiyo na waya hunyamaza, hata kama mkono wake umejaa chaji. Waya wa shaba wa zamani hubeba umeme wake kidogo kutoka kituo cha simu, kwa hiyo simu ya kawaida ya waya, ile ya bei ndogo, huendelea kufanya kazi gizani. Mwenye laini ya shaba asiitupe simu hiyo; aiache imechomekwa chumbani. Mwenye laini ya mkongo hana bahati hiyo, maana mkongo hupitisha mwanga na haubebi umeme wa kuendeshea simu. Yeye ahakikishe kuna simu ya mkononi yenye chaji ndani ya nyumba kila usiku, hasa penye mgonjwa, mjamzito au mzee anayeishi peke yake.

Karibu na simu bandikeni karatasi yenye namba 112 ya dharura ya polisi, 114 ya zimamoto, na 116 ya huduma kwa mtoto. Chini yake andikeni anwani ya makazi ya nyumba hiyo pamoja na alama inayojulikana ya mtaa. Mgeni aliyelala usiku mmoja, au mtoto aliyebaki na bibi yake, hawezi kueleza alipo kwa hofu; atasoma karatasi.

Kuhusu siri za mazungumzo: simu za zamani kabisa zisizo na waya zilisikika hata kwenye redio ya jirani. Za sasa zina usimbaji, lakini kitako hutoka kiwandani na namba ya siri ya 0000, nayo huachwa hivyo. Ibadilisheni siku hiyo hiyo. Jueni pia kwamba mkono wa pili ulioko jikoni unaweza kuingia katika mazungumzo ya sebuleni kwa kubonyeza kitufe kimoja, na kwamba kitufe cha kuunganisha laini mbili huwakutanisha wapigaji wenu wawili. Kitufe cha kumsubirisha mtu ni kingine. Mjifunze tofauti yake kabla ya kumsengenya mteja.

Kwa wenye simu za kadi, ombi langu ni moja: laini yenye fedha isikae kwenye simu ya watu wote. Simu ya mapokezi hushikwa na mlinzi, mpishi na mgeni. Laini ya M-Pesa au ya mtandao mwingine wowote ikae kwenye simu yako binafsi, na ile ya mezani iwe ya kupiga na kupokea tu, nayo ifungwe kwa namba ya siri ya kadi. Kadi hiyo isajiliwe kwa jina lako kwa alama za vidole, wala usikubali kupewa iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa kuwa likitendeka kosa, anayetafutwa ni aliyesajiliwa. Pigeni *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu cha taifa. Mkikuta msiyoitambua, nendeni kwa mtoa huduma wake iondolewe. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" upelekeni 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Mkinunua, dai risiti ya mashine ya kodi na dhamana ya maandishi yenye jina la duka. Huduma ya laini ikiwa mbovu, lalamikeni kwanza kwa mtoa huduma; namba yake ya huduma kwa wateja ni 100. Andikeni tarehe, saa na jina la aliyewapokea, na muombe namba ya lalamiko. Msiporidhika na jibu, au jibu lisipokuja, leteni lalamiko hilo kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo na nakala ya risiti. Lalamiko lenye tarehe na namba hufuatiliwa haraka zaidi kuliko lile linaloeleza tu kwamba mtandao unasumbua.