Wakisema "umeme wa biomasi", waulizeni kuni

Haya niliyasema barazani hapa Wiyoni baada ya Alasiri. Nayaweka hapa kwa waliokuwa baharini.

Wazee wangu, mama zangu, vijana. Msimu wa siasa ukifika utasikia: "Makaa ya mawe mlikataa, basi tutawaletea biomasi." Makofi yanapigwa. Hebu tuliangalie neno hilo.

Biomasi ni kuni, makumbi ya nazi, makapi ya miwa, hata samadi. Unachoma, maji yanachemka, mvuke unazungusha mtambo. Makaa ya mawe nayo ni vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mti mpya huivuta tena ile hewa ya ukaa iliyotoka kwenye moshi. Mti mpya, yaani uliopandwa. Lishikeni hilo.

Ule mtambo wa makaa wa Kwasasi ulikuwa uwe wa megawati 1,050. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake, na sababu mojawapo ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Sasa tupige hesabu ya megawati moja tu. Ikienda usiku na mchana, inakula kama tani moja ya kuni kavu kwa saa. Tani 24 kwa siku. Punda wetu tumpakie kilo mia: ni mizigo 240 ya punda kila siku, Ijumaa pia! Na hiyo ni megawati moja, si elfu.

Zitoke wapi? Jicho la kwanza litaangukia mikoko, maana zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Babangu alikuwa mkata boriti. Ukataji ulipopigwa marufuku 2018, shoka lililala nyumbani, na sisi tulijua maana yake. Lakini mkata boriti huchagua mti. Mtambo hauchagui, unataka uzito. Na mikoko ikiisha, kamba na kaa watakulia wapi?

Biomasi inafaa pale taka zimeshajirundika zenyewe. Mumias walichoma makapi ya miwa yao wakauza umeme kwenye gridi ya taifa. Miwa ilipokosekana, na umeme ukakatika. Kule Naivasha kuna shamba linalotoa biogesi kwa mabaki ya mboga. Mitambo midogo, karibu na taka yake. Hapa kwetu mtambo mdogo wa kuendesha kiwanda cha barafu ya samaki, mimi ningeusikiliza.

Kwa hivyo akija mtu na kauli hiyo, msianze na megawati ngapi. Mwulizeni tani ngapi, shamba la nani, nani alipanda, jivu litamwagwa wapi.

Nilipomaliza, mama mmoja akaniuliza: "Mwanangu, wakichukua makumbi, mimi ntapikia nini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia suali lake liwe la kwanza.