Kifusi Chako Kinakwenda Wapi? Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kukodi Kontena la Taka za Ukarabati



Mtu anapokusudia kukarabati nyumba yake hupiga hesabu ya saruji, mchanga, nondo, rangi na ujira wa fundi. Ni wachache wanaohesabu gharama ya kuondoa kile kitakachobomolewa. Ukuta ukishaangushwa, kifusi hulundikana mlangoni, huziba mtaro, na jirani huanza kulalamika. Hapo ndipo lori hupita, dereva akataja bei nafuu, na mwenye nyumba akalipa kwa furaha bila kuuliza swali lolote. Nimekuja kuwasihi kwamba swali liulizwe, tena mapema: kifusi hiki kinakwenda wapi, na nani atathibitisha kwamba kimefika?

Katika Dar es Salaam, wapo wanaokodi tipa kwa safari moja, na wapo wanaokodi kontena la taka, yaani kasha la chuma lisilo na paa, ambalo gari hulishusha uani na kulirudia likijaa. Njia zote mbili ni halali. Zote mbili pia huleta ugomvi pale makubaliano yanapokuwa ya mdomo.

Tuanze na kipimo. Chukueni mfano wa ukuta wa matofali ya saruji wenye urefu wa mita 4, kimo cha mita 3 na unene wa sentimita 15. Ujazo wake ni mita za ujazo 1.8. Ukivunjwa, vipande havipangiki tena kama mwanzo; huacha nafasi kati yao, na ujazo huweza kuongezeka kwa takriban nusu, ukafikia 2.7. Uzito, hata hivyo, haubadiliki: ukuta huo huweza kukaribia tani 3 na nusu. Kwa hesabu hiyo, kontena la mita za ujazo 6 likijazwa kifusi kitupu huweza kufikia tani 8. Basi mlaji asiulize ukubwa wa kontena peke yake. Aulize pia uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba, na malipo yatakayodaiwa endapo uzito huo utazidi.

Pili, tenganisheni kabla ya kukodi. Vipande safi vya matofali na zege vina wahitaji wa kujazia viwanja na kushindilia sakafu. Nondo na mabati hununuliwa na wafanyabiashara wa chuma chakavu. Milango, mbao na vigae vizima hupata watumiaji wengine. Mkifanya hivyo, huenda mkahitaji kontena dogo kuliko mlivyodhani. Lakini mabaki ya rangi, betri, taa ndefu za mirija zenye zebaki, na hasa mapaa ya asbesto, yasichanganywe na kifusi. Asbesto ikivunjwa hutoa nyuzi laini ambazo, zikivutwa pumuzini, husababisha saratani na maradhi mengine ya mapafu. Msiivunje wala kuikata. Waulizeni kwanza maofisa mazingira wa halmashauri yenu.

Tatu, andikeni makubaliano. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yatosha, iwapo itaeleza ujazo na kikomo cha uzito, siku ambazo kontena litakaa, na gharama ya kila siku itakayozidi, nani atapakia, nani atalipa geti au sakafu ya ua ikivunjwa, na kwamba mzigo utafunikwa turubai njiani. Ikiwa kontena halienei uani na itabidi likae barabarani, andikeni pia nani ataomba ruhusa. Barabara nyingi za mitaa zipo chini ya TARURA, na ofisi ya serikali ya mtaa wenu itawaelekeza pa kuanzia.

Sasa narudi kwenye swali langu la kwanza. Jiji la Dar es Salaam lina dampo lake Pugu Kinyamwezi. Safari ya kufika huko hula mafuta na muda. Bei ikiwa chini mno kuliko za wenzake wote, yawezekana lori halina nia ya kufika. Mzigo humwagwa usiku bondeni, au kwenye ukingo wa mto. Mto uliojazwa kifusi hupungukiwa na nafasi ya kupitisha maji, na maji yakikosa njia huingia majumbani. Wakazi wa Bonde la Msimbazi wanayajua mafuriko bila kusimuliwa. Yale ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwaacha wengi bila makazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito. Kwa hiyo bei nafuu ya mmoja huweza kulipwa na mwingine ambaye hakubomoa hata tofali moja.

Mwombeni mbebaji awaonyeshe kibali chake cha kubeba taka. Andikeni namba ya gari. Pigeni picha ya kontena likiletwa na likiondoka. Msilipe fedha zote mwanzoni. Bakizeni sehemu ya malipo mpaka mletewe uthibitisho wa mahali mzigo uliposhushwa. Kisha daini risiti ya EFD, kwa maana asiye na risiti hupata taabu kuthibitisha dai lake.

Ikitokea mmeahidiwa jambo moja na kutendewa jingine, msinyamaze. Anzeni na mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, mkitaja tarehe na mlichokubaliana. Asiposikia, pelekeni lalamiko Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumhadaa mlaji. Ikiwa taka zimetupwa ovyo, toeni taarifa halmashauri au kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC.

Ndugu zangu, nyumba mpya ni jambo la kujivunia. Ukarabati wake haujakamilika rangi inapokauka. Hukamilika pale kilichobomolewa kinapofika mahali pake bila kumdhuru mtu.